Bwawa la Ng'ambo Lilivyofungwa

Tangu alfajiri Mwanne alikuwa amesimama bombani, kisha akainamia cherehani, na sasa alasiri imeingia, anaitwa kwenye kikao cha kuamua ni bwawa lipi la kuogelea lifungwe. Alijitanda kanga, akamwachia wifi yake Batuli nyumba, akatoka akiburuta miguu.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mjukuu wa mpagazi aliyefika Tabora na msafara kutoka Ujiji, akaoa na asirudi tena. Udiwani hakuutafuta. Baada ya uhuru wanawake wa mtaa wake wa Ng'ambo walimsukuma mbele kwa kuwa haogopi kusema, naye akaona haya kukataa. Siku hizi kusema hakukumchosha. Kilichomchosha ni kusikilizwa vizuri, watu wakitikisa vichwa kwa kukubali, halafu mambo yakabaki palepale.

Mji ulikuwa na mabwawa mawili ya kuogelea. La kwanza lilikuwa kwenye klabu ya zamani ya Wazungu. Baada ya Azimio la Arusha klabu ilitangazwa kuwa ya wote, ingawa walioingia walikuwa maofisa na wageni wao. La pili lilikuwa Ng'ambo, na wananchi walilichimba wenyewe kwa kujitolea. Saruji yake ilikwaruza magoti, na maji yake mara nyingi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto walilipenda, wanawake wakalipenda zaidi. Kila Jumatano alasiri wanaume waliondoka, majamvi yakatundikwa kwenye ua, na wanawake wakaingia majini na magauni marefu aliyowashonea Mwanne kwa kitambaa kisichoshika mwili. Ni yeye aliyeipigania Jumatano ile. Batuli, ambaye hakuwa akicheka tangu kaka yake, mume wa Mwanne, afariki, humo bwawani alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini mwaka ule mvua zilikatika mapema. Lambo la Igombe, linaloupa mji maji, likashuka hadi matope yakaonekana. Kabla ya adhuhuri mabomba ya Ng'ambo yalikuwa yakikohoa upepo mtupu, na wanawake wakagombana kwenye foleni mpaka madebe yakabonyea.

“Ndugu wajumbe,” alianza mwenyekiti Yahaya, mfanyabiashara wa asali, mtu mpole, “tumekwisha kubaliana kwamba moja lifungwe. Sasa tuseme lipi.”

“La klabu,” alisema Mwanne. “Lile lina watu wachache. Letu lina mji mzima.”

Elieza, bwana maji, kijana wa Nzega, alisimama taratibu. Hakuwa mtu mbaya.

“Mama, ningeweza, ningesema kama wewe. Lakini lile la klabu linajazwa na kisima chao. Nikilifunga, kwenu Ng'ambo hayaongezeki maji hata tone. La kwenu linakula bomba lilelile mnalochotea. Nikilifunga, mtapata maji mpaka alasiri.”

“Basi yafungwe yote mawili, na kisima hicho kiunganishwe na mabomba yetu.”

Mjumbe mmoja alitazama dirishani. Elieza akasema pampu ya klabu ni ndogo, na mabomba ya kuunganishia hayapo. Mwanne alimtazama, akajua hasemi uongo. Uongo angeupinga mpaka sauti imkauke. Ila kisima kile Wazungu walikichimba upande wao wa mji kwa faida yao, wakaondoka, nacho kikabaki pale kikiendelea kuamua nani aoge na nani asubiri. Hilo angelipinga mbele ya nani?

“Wanawake wapewe Jumatano kule klabu,” alisema mwishowe.

“Hilo dogo, Bi Mwanne. Limepita,” alisema Yahaya.

Mikono ikanyooshwa. Wake ulikuwa wa mwisho, lakini aliunyoosha.

Nyumbani Batuli alikuwa amekwisha sikia.

“Wangelifunga hata bila wewe,” alisema. “Kwa nini uliwapa mkono wako?”

“Foleni naiona kila siku, wifi.”

“Na sisi ulituona?”

Mwanne alivua viatu, akakaa mkekani.

Jumatano iliyofuata aliwaongoza wanawake wachache hadi klabu. Mlinzi aliwafungulia lango. Maji yalikuwa meupe, sakafu inaonekana mpaka chini. Ila ua haukuwepo, maua mafupi tu, na ng'ambo ya maua kulikuwa na baraza ambapo wanaume walikunywa bia. Hawakuwafanyia utovu wa adabu. Mmoja hata aliinua glasi kuwasalimu. Wanawake walikunja majamvi yao, wakaketi ukingoni, wakatia miguu majini kidogo, kisha wakarudi nyumbani. Hawakwenda tena. Mwanne alilisema jambo hilo kikaoni, akaahidiwa kwamba ua utajengwa.

Mabomba ya Ng'ambo yalitoa maji mpaka alasiri, kama alivyosema Elieza. Hakuna aliyemshukuru Mwanne, na yeye hakutegemea. Mvua ziliporudi aliomba bwawa lijazwe, lakini jua lilikuwa limeipasua saruji yake, na saruji mpya ilikuwa ikipelekwa Goweko, kwenye vijiji vya ujamaa. Huko nako ilihitajika kweli. Aliomba tena msimu uliofuata. Walimsikiliza vizuri.

Kisha ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri ya mji ikavunjwa pamoja na udiwani wake, na mambo ya maji yakahamia kwa maofisa wa mkoa. Habari zilimkuta Mwanne akishona sare za shule. Alimaliza mshono, akakata uzi, akajilaza mkekani mchana kweupe, jambo ambalo Batuli hakuwahi kumwona akilifanya.

“Unaumwa?” Batuli aliuliza.

“Siumwi.”

“Umefurahi, au umehuzunika?”

“Sijui, wifi. Niache kwanza.”

Batuli alimfunika kwa kanga, akachukua debe, akaenda bombani peke yake.