Jibu Lilikuwa Nane

Mtoto wa mdogo wangu anafuta daftari lake mezani kwangu, na harufu ya ufutio inanirudisha kwenye mkeka wa nyumbani, kule milimani.

"Mama, leo siendi shamba," nilisema asubuhi moja. "Namfundisha mdogo wangu hesabu za mafumbo."

Mama, ambaye hakusoma, alifurahi. Akatuachia viazi vya kuchemsha, akabeba jembe, akaenda peke yake kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni.

Fumbo lilikuwa moja tu: watu sita hulima shamba kwa siku nne, je, watu watatu watalima kwa siku ngapi?

"Nane," mdogo wangu alijibu hapohapo.

Nikiikubali, niliwaza, itabidi tumfuate mama shambani.

"Umekosa. Rudia."

Akafuta. Akaandika mbili, akaandika kumi na mbili, akarudi kwenye nane.

"Umekosa."

Alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni mama alirudi na udongo hadi magotini. "Mmepata?"

"Bado, mama. Huyu ni mzito."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa.

"Msaidie mtoto, dada," mdogo wangu ananiambia sasa, akinisogezea daftari la mwanawe. "Mimi hesabu zilinikataa tangu utotoni."