Povu la Mwantumu katika msimu wa salfa

Saa moja asubuhi, Mwantumu Mbaruku anashuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba moja ya bati huko Mtua, wilayani Nachingwea. Nyuma ya baiskeli mtungi wa gesi umesimama wima, umekazwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Kwenye usukani linaning'inia kopo lenye sabuni na kipande cha godoro.

Hapigi hodi. Anasimama mlangoni kwanza, ananusa.

"Mke mwenzangu, unanusa mboga?" anauliza bibi yake, Hafidha, kutoka ndani. "Bado sijapika."

"Nanusa gesi, bibi."

"Hiyo salfa. Mjomba wako Mustafa jana kashinda anapuliza mikorosho."

Bibi hasemi uongo. Magunia mawili ya salfa, unga wa dawa ya mikorosho, yameegemea ukuta, na nguo za shamba zimetundikwa pale pale jikoni. Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, nyumba nyingi za huku hunuka salfa, hata chai inanuka.

Hilo ndilo linalomnyima raha Mwantumu, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, anayesambaza mitungi ya gesi kwa baiskeli.

"Gesi imetiwa harufu ili ikushtue," anasema. "Sasa sisi watu wa korosho pua zetu zimeshazoea. Mtu ananusa, anasema ni shamba hilo, anawasha kiberiti."

Anaingia jikoni, anafunga koki ya mtungi wa bibi. Anafungua mlango wa uani na dirisha, anamwambia bibi asiguse kiberiti wala swichi ya taa. Kisha anatoa mtungi na jiko lake nje, mbali na moto wa jirani, anafungua koki kidogo na kupaka povu kwenye mpira unaopeleka gesi jikoni.

Povu linavimba, linapasuka, linavimba tena.

"Panya," anasema, na kufunga koki. Mpira ulipita nyuma ya kapu la karanga.

Bi Hafidha anatazama povu, halafu anamtazama mjukuu. "Basi uchukue. Umri wangu huu nikafie kwenye moto wa chupa? Kuni zangu sijawahi kuzinusanusa."

"Utazinusa saa ngapi, bibi, na muda wote unakohoa?"

Bibi anacheka, na kicheko chenyewe kinaishia kwenye kikohozi. Wakati wa masika daktari alimwambia kifua chake hakitaki moshi tena. Bibi ndiye aliyemlea Mwantumu tangu hajaanza shule, akimpikia kwenye mafiga. Jiko hili ni zawadi ya mjukuu. Likirudi dukani, bibi anarudi kwenye kuni.

Mwantumu alimaliza darasa la saba, akalima ufuta, kisha akapata kibarua cha kupanga mitungi katika duka la Lukasi, mjini Nachingwea. Lukasi ndiye aliyemfundisha kupima kwa povu. Leo analipwa shilingi elfu mbili kwa kila mtungi anaoufikisha, na wateja wanamwita Mama Povu, ingawa hana mtoto.

Haondoki mpaka mwenye jiko apake povu mwenyewe na kuwasha mwenyewe. Marietha, muuza maandazi wa Chinongwe, Ruangwa, anakumbuka siku mtungi wake ulipopelekwa.

"Nilimwambia, dada, nina haraka. Akakaa kwenye kigoda. Akasema, mimi sina. Nikawasha gesi kwanza, ndipo nikaanza kutafuta kiberiti. Akaizima, tukasubiri, tukaanza upya. Siku hiyo nilimchukia kweli. Sasa hivi simwachi aondoke bila andazi."

Nyumba moja tu ndiyo iliyosamehewa sharti hilo, nayo ni hii ya Mtua.

"Ulikuwa unapaka wewe, unawasha wewe," bibi anamkumbusha. "Mimi nakaa kitako kama bibi harusi. Ningejuaje?"

Mwantumu anatoa kisu. Anakata mpira ule ulioliwa na panya ili asije mtu akautumia tena, anafunga mpya na kukaza vibana. Kisha anamkabidhi bibi kopo.

"Paka."

"Macho yangu haya?"

"Povu likivimba hata wewe utaliona. Paka, bibi."

Bi Hafidha anachovya kipande cha godoro, anapaka taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Anafungua koki, anainama, anangoja. Povu limetulia. Anaangalia tena upande wa chini, ambako hakuambiwa.

Jiko linawekwa jikoni karibu na dirisha, mbali na karanga. Bibi anawasha njiti kwanza, ndipo anafungua gesi. Moto wa bluu unatokea, naye anarudi nyuma hatua moja, kisha anasogeza sufuria ya uji.

"Haujanikohoza," anasema, kana kwamba anauripoti kwa mtu mwingine.

Mwantumu anapanga, kabla ya salfa ya mwakani, azunguke vijiji kuanzia Mtua hadi Mkotokuyana na kuonyesha watu jambo hilo moja, kupima kwa povu. "Nataka kila nyumba iwe na kopo lake," anasema. "Mimi nibaki kubeba mitungi."

Anaponyoosha mkono kuchukua lake, bibi analisogeza nyuma ya kigoda.

"Hili liache. Wewe utapata lingine mjini," anasema. Kisha anapaza sauti kuelekea uani: "Mustafa, njoo uondoe salfa yako jikoni kwangu. Nataka kunusa."