Mita Tisa za Bomba

Dukani, fundi saa alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Akifika nyumbani na kukaa mbele ya redio yake ya mawasiliano, aligeuka kasuku. Kwa miaka kumi na tisa alizungumza na watu ambao hakuwahi kuwatia machoni: nahodha mstaafu, daktari wa mifugo, mtawa mmoja mbishi ajabu. Majirani walimbandika jina la Mawimbi. Wenye redio wenzake walipomwomba ushauri, alianza na lilelile: mlingoti usiusimamishe mahali ambapo ukianguka utafikia nyaya za umeme.

Upepo ulipoivunja antena yake, alitafuta bomba la chuma la mita tisa liwe mlingoti mpya. Nyaya za umeme zilipita nyuma ya ukuta wa ua. Upande wa pili, mbali na nyaya, kulikuwa na kamba za nguo za mkewe, naye aliona uvivu kuzihamisha. Akachagua upande wa ukuta, akakadiria kwa macho, akajiridhisha.

Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imekatika, shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa boza la maji, alikuja kumsaidia.

"Shemeji, na zile nyaya?"

"Ziko mbali. Dakika mbili tu tumemaliza."

"Haya. Ukiniua, utamweleza dada yangu mwenyewe."

Wakacheka. Shemeji akalikumbatia bomba na kulisukuma juu, fundi akavuta kamba ya nailoni akiwa kibarazani. Udongo ulikuwa umelowa. Tako la bomba likateleza. Bomba likainama taratibu, kama mtu anayesinzia, mpaka ncha yake ikagusa waya.

Shemeji hakupata hata kupiga kelele.

Fundi aliitupa kamba akamkimbilia. Mshonaji wa nyumba ya jirani akapiga ukelele kutoka juu ya ukuta: "Usimguse! Utakwenda naye!"

Akasimama hatua sita kutoka kwake. Watu wa umeme walipigiwa simu, wakakata umeme baada ya dakika thelathini na tano. Muda wote huo fundi alisimama palepale, mikono ameinyoosha mbele, akiliita jina la shemeji yake. Ndivyo mkewe alivyomkuta aliporudi kutoka sokoni.

"Amefanya nini mdogo wangu?"

"Si yeye. Ni mimi."

Baada ya mazishi hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, ajali ni ajali." Angemtukana ingekuwa nafuu. Yule mama hakujua kwamba mkwewe alikuwa amewafundisha wengine jambo hilohilo kwa miaka mingi. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Aliing'oa redio, akaifunga kwenye shuka na kuisukuma mvunguni. Mtawa na nahodha walimwita hewani wiki nzima, wasijue kilichompata. Mkewe aliendelea kumpikia na kumwitikia salamu, ila uani hakukanyaga tena. Nguo akawa anazianika dirishani.

Mwaka ukapita. Siku moja mwalimu mmoja, mgeni kwenye mambo ya redio, alifika dukani kuomba asaidiwe kusimamisha antena. Fundi alikataa. Mwalimu akasema si neno, ataisimamisha na kaka yake. Fundi akaweka chini saa aliyoishika.

"Ningojeni nije," alisema.

Jioni hiyo alimwambia mkewe anakokwenda. Mkewe akamgeukia.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia niliyemuua."

"Usiseme hivyo." Akajifuta uso kwa kanga. "Waambie aliuliza. Aliziona zile nyaya, akakuuliza. Watu wasidhani mdogo wangu alikuwa mjinga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumzungumzia shemeji ndani ya nyumba ile. Fundi alilia, naye mkewe hakumbembeleza. Alikwenda kuvaa viatu ili waende pamoja.

Nyumbani kwa mwalimu, mke wa fundi ndiye aliyeshika ncha ya futi ya kupimia huku fundi akirudi nyuma nayo kutoka chini ya nyaya za barabarani. Nafasi ilikuwa fupi. Antena ikahamishiwa upande wa pili, waya mwepesi kati ya miti miwili, mbali na umeme. Fundi alisimulia yote, pamoja na lile swali na jibu alilolitoa. Kaka wa mwalimu aliinamisha kichwa. Mke wa fundi alitazama pembeni.

Walirudi kwa miguu, fundi mbele, mkewe nyuma kidogo. Tangu hapo fundi huenda popote anapoitwa kupima mahali pa antena. Mwenyewe hakurudi hewani.