Michikichi ya Vitovu

Katika miaka ile ya Wadachi, ilikuwa shida kumpata mzaliwa wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, ambaye hakupita mikononi mwa Sikujua. Alikuwa mkunga, mfupi, mwenye ulimi wa upupu. Kitovu cha mtoto kikidondoka, alikizika ufukweni na kupanda mchikichi juu yake. Mti ule haukukatwa madamu mwenyewe yu hai.

Siku moja akaja Mdachi mmoja, kutembea tu, kutazama ziwa. Mji ukamkolea. Akaoga, akala samaki wa migebuka, kisha akaamuru michikichi yote ya ufukweni ikatwe, ijengwe nyumba ya kupumzikia. Ati kupumzika! Kama vile ufuko haukuwa na wenyewe. Askari wake, Asmani, akapewa shoka.

Sikujua alikuwa akikamua mawese. Alifika mikono ikichuruzika mafuta mekundu.

"Amahoro, Asmani. Unaanza na nani?"

"Mama, toka hapo. Ni amri ya Bwana."

"Nauliza unaanza na nani. Huu iko Esha. Ule iko Uledi, mwenye kubeba kitanda cha Bwana wako."

"Mama, nitapigwa!"

"Basi anza na huu." Akaupiga kofi mchikichi mmoja uliopinda. "Mama yako aliumwa siku mbili. Ulitanguliza miguu, mutoto mukaidi, nikakuvuta. Huu iko wewe. Kata!"

Wanawake waliojaa nyuma yake wakacheka.

Asmani aliinua shoka mara mbili. Mara ya tatu akalitupa mchangani, akavua kofia yake ya uaskari.

"Bwana, nipige," alimwambia Mdachi aliyesimama kando akitazama. "Huu siukati."

Akapigwa kiboko palepale, mpaka mgongo ukachanika. Sikujua alikaa chini akamshika mikono, hakugeuza uso.

Mgeni akatafuta mwingine wa kushika shoka. Akaita wapagazi wake, akaita wavuvi, akamwita hata Swedi mshona kanzu. Kila aliyeitwa alijibu kwamba ana mti wake pale, hawezi kujikata. Wengi walikuwa waongo; Swedi alizaliwa Ujiji, na mji mzima ulijua.

"Wewe bibi," Mdachi akafoka akimwonyesha Asmani, "na huyu ni wako?"

Sikujua akanyanyuka na damu ya Asmani mikononi, akaonyesha ule mchikichi uliopinda.

"Wangu, Bwana," alisema. "Kitovu chake nilikizika mwenyewe."