Maharage ya Mwezi wa Tano

Maharage hayapandwi mwezi wa tano. Nalisema hilo mapema, mtu asije akaniiga. Hapa Lubumbashi, ukitaka shu, yaani kabichi, karoti au saladi, mwaga mbegu mvua inapoanza kukatika, mwezi wa tatu au wa nne, maana mboga hizo zinapenda baridi; kazi yako ni kumwagilia tu. Maharage yanataka joto. Yapande mwezi wa pili, mvua ikiwa bado ipo, au ngojea mvua nyingine. Mwezi wa tano ni wa kutafuta sweta. Kila mwanamke anayelima huku Annexe, pembeni mwa mji, anajua, hata mlevi wa njiani anajua. Sisi ndio hatukujua, kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na watu waliosoma.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge. Nilikuwa na miaka kumi na minne, wa kwanza kati ya watoto watano. Baba na mama walitoka Kasai. Sisi watoto tulizaliwa hapa hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville. Baba alikuwa karani wa ofisi mjini, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Mara watu wa Kasai tukageuka maadui. Baba akafukuzwa kazi, mimi nikaacha shule. Wenzetu wengi walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, na kutoka kule treni zilikuwa zinawapeleka Kasai. Baba alikataa katakata, na jirani yetu mmoja, naye wa Kasai, akakataa pia. Nyumba yetu ilikuwa bondeni, karibu na mto Naviundu, na aliijenga mwenyewe kwa mikono yake.

"Mi shikimbie nyumba yangu," alisema. "Benye kukimbia ni bezi, mi shiko mwizi."

Basi tukafungwa humo. Lango lilitiwa mnyororo. Tulikatazwa kucheka kwa sauti, kutwanga mchana, kusema Kiluba cha wazazi karibu na ua. Kutoka ukuta wa jikoni hadi ua wa nyuma zilikuwa hatua thelathini na mbili. Najua kwa sababu nilizitembea kila siku kama mtu aliyepoteza kitu. Wadogo zangu walipigana kwa sababu ya kijiti, kwa sababu ya kivuli, kwa sababu ya nani kamwangalia nani. Nilichoka na sura zao. Niliuchukia ule ua, na bado nilitaka tubaki. Kasai kwangu lilikuwa jina tu. Shule yangu ilikuwa hapa, na moyoni nilijipa hakika kwamba siku moja mnyororo utafunguliwa na nitavaa tena sare yangu.

Mara ya mwisho baba kwenda mjini, vijana walimsimamisha barabarani. "Weye muntu ya wapi?" Lafudhi ilimsaliti. Walimpiga makofi, wakaikanyaga miwani yake mpaka ikawa unga. Alirudi uso umevimba, lakini ndani ya koti alikuwa na mfuko: kilo mbili za mbegu za maharage, alizopewa na mzungu wa ofisini aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mama akaleta sufuria. Baba akaukumbatia mfuko.

"Hapana, mama ya batoto. Tukipika, tunakula juma moja. Tukipanda, tunakaa humu hata mwaka."

Mfuko ulikuwa na karatasi iliyoshonewa juu, yenye maandishi madogo ya Kifaransa. Baba bila miwani hakuona kitu. Akaniita. "Kuya usome, mutoto yangu. Soma muzuri."

Jamani, nilivyojivuna! Nilikuwa nimesomeshwa na masista, na Kifaransa changu kilikuwa sifa ya nyumba. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "Semer en mai, après les gelées."

"Panda mu mwezi ya tano," baba akafasiri mwenyewe. "Lakini kisha nini? Gelées njo nini?"

Nilijua! Kila mwaka, mapera yalipoiva, masista walituweka jikoni kumenya na kukoroga, wakatengeneza jamu nyekundu inayotikisika, wakaiita gelée. Mapera yakiisha, kama mwezi wa nne, kazi ya gelée nayo inaisha. Nikamweleza baba bila hata kumeza mate: "Banataka kusema kisha wakati ya jamu ya mapera."

Baba alipiga paja. "Ah bon! Bazungu beko na akili. Hata mapera ya huku banajua." Ilikuwa tarehe za mwanzo za mwezi wa tano. Mapera yalikuwa yameisha. Kila kitu kilikubaliana.

Mama alituangalia, baba na mimi, zamu kwa zamu. Halafu akarudisha sufuria jikoni.

"Haya, mupande," akasema. "Lakini mi ninakuambia mbele ya batoto, baba yao. Zikitoka, tunabakia. Zikikufa, tunaenda mu treni, na hautasema tena nyumba, nyumba."

Baba akakubali, mbele yetu sote. Alikuwa na uhakika. Alikuwa na karatasi.

Tulizilowesha mbegu usiku mmoja. Asubuhi baba akafunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, kwa sababu karani hawezi kupanda mstari uliopinda. Mimi nilichoma mashimo kwa kidole, pingili mbili chini, mbegu mbili kila shimo, hatua ya mtoto katikati. Nyuma yangu mdogo wangu alifukia kwa kisigino. Tulipanda ua mzima, mpaka mlangoni mwa choo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nililala nimechoka kwa kazi, si kwa kukaa.

Yalichelewa, lakini yaliota. Siku ya kumi na mbili udongo ukapasuka, vichwa vikatoka vimeinama. Baba alipiga magoti na kuleta pua mpaka kwenye jani ili alione. "Tunabakia," aliniambia kwa kunong'ona. "Ni weye njo ulitufungulia." Sikuwahi kupendwa na baba kama juma lile.

Kisha baridi ikashuka. Bondeni kule inashuka kwanza na inakaa zaidi. Asubuhi moja ya mwezi wa sita tulitoka nje, nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda, na majani yote ya maharage yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka chooni. Baba aliyashika moja moja.

"Yataamuka," alisema. "Jua ikitoka yataamuka."

Hayakuamka. Siku ya tatu mama alifunga vyombo ndani ya kitenge.  Baba alifungua mnyororo mwenyewe, akaacha ufunguo juu ya dirisha, na tukaenda kambini, kisha treni, kisha huko Kasai. Nililia njia nzima, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Miaka miwili baadaye, shuleni, mwalimu alituandikisha imla kuhusu majira ya Ulaya. Neno gelées likapita. Akalieleza: ile baridi inayogandisha umande na kuua mimea.  Karatasi ile ilisema tungoje baridi iishe, na mimi niliipeleka nyumba nzima kuingia ndani yake. Sikumwambia mtu. Baba alizeeka akiwaambia wageni, "Mutoto alisoma sawa, udongo njo ilitudanganya," na kila mara niliondoka sebuleni. Alikufa kule Kasai bila kuiona tena nyumba yake, kabla mimi sijarudi huku Lubumbashi.

Mama alipougua, nilishindwa kuendelea kuficha. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikamwambia: "Mama, ile maharagi ni mi njo niliua. Nilisoma mubaya."

Alicheka mpaka akakohoa. "Weye? Weye na Kifaransa yako! Mi nililima tangu shiyaote meno ya pili. Nani hajue maharagi na baridi? Nilijua ile siku munafunga kamba."

"Na haukusema?"

"Ningesema, baba yako angengojea mvua. Tungengojea naye, na mulango imefungwa."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia kwamba nimebeba mzigo ule maisha yangu yote, na baba amekufa nikimkwepa macho, na yeye alikuwa anatuangalia tu, anatuangalia! Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, mbele ya mgonjwa.

Alingoja nimalize. Kisha akainua mkono wake mkavu, akataja majina yetu, watoto watano, moja baada ya lingine, polepole, akikunjua kidole kwa kila aliye hai. Akakunja ngumi tena, akaanza familia ya jirani yetu wa Naviundu, ile iliyobaki na ambayo hakuna aliyepona. Vidole vilibaki vimekunjwa.