Mkalimani wa Ndoto za Birongo

Jua limeshapanda juu ya migomba ya Birongo. Loice, mkulima wa chai, amekaa kwenye benchi, mikono magotini, anasimulia ndoto yake. Marehemu mama yake amemwita kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa na lile gauni alilozikwa nalo, ila safari hii lina matope.

Abner Nyangau anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anamgeukia Daktari Hedwig, mzungu mwenye mvi anayetibu watu kwa ndoto zao, na kuyarudia yote kwa Kiingereza. Hata matope hayaachi.

"Muulize, yeye na matope wana nini?"

Abner anauliza. Loice anacheka, halafu kicheko kinakatika. "Siku ya mazishi sikutupa udongo kaburini," anasema. "Nilikuwa nimemkasirikia."

Hilo nalo Abner analitafsiri. Ndiyo kazi yake tangu mwaka 1968, alipoacha ualimu wa shule ya msingi. Daktari alikuwa amefungua chumba chake karibu na zahanati na akatafuta mtu wa Kiingereza safi. Hakusema ni Kiingereza cha kubebea ndoto.

Elimu ya daktari, Abner anaieleza kwa namna yake. "Kila mtu ana koti lake la Sabato," anasema. "Ndani ya koti kuna mwingine ambaye hakualikwa kanisani. Mchana unamfungia. Usiku anatoka kuongea."

Na chini zaidi, daktari humwambia, kuna mahali ambapo watu wote wanaota mamoja. Nyoka wa bibi wa Birongo anaotwa pia kule kunakoanguka theluji. "Nikasema, kumbe huko chini sisi sote ni majirani!"

Huku juu, majirani wanampita upesi. Kanisani benchi lake lina nafasi tele, maana akimtazama mtu, mtu huyo anakumbuka alichomwambia. Sokoni akitokea tu, Kwamboka, muuza ndizi, anapaza sauti: "Jamani, fungeni midomo! Mwalimu, jana nimeota nimekupunja. Usimwambie mzungu!"

Abner hucheka nao. Kisha anarudi nyumbani kujipikia ugali. Kwa Wakisii, mwanamume kuingia jikoni ni habari ya kupelekwa kijiji cha pili, na imeshapelekwa.

Mkewe, Bonareri, alirudi kwao Nyamache na watoto mwaka jana, 1970. Chanzo ni ndoto, na wala si yake.

Baba yake Bonareri, Mzee Okemwa, alikuwa na maumivu ya kifua ambayo dawa za hospitali zilishindwa nayo. Akaletwa kwa daktari. Hapo Abner alipaswa kutoka nje. Mkisii anajua chinsoni, ile haya ya heshima baina ya mkwe na mkwe. Habari za mwili hazizungumzwi kati yao. Hata mmoja akioga mtoni, mkwewe anazunguka njia nyingine. Angemwita mzee yeyote wa rika la Okemwa atafsiri, hata mwenye Kiingereza cha kuokoteza.

"Nilishazoea," anasema. "Nilijiona bomba. Maji yanapita, bomba halinywi."

Mzee akasimulia. Yuko mtoni, hana nguo. Kijana amekaa juu ya jiwe, ameshika suruali ya mzee, anamcheka.

"Kijana huyo ni nani?" daktari akauliza.

Mzee akatazama ukuta. "Ni huyu anayekutafsiria."

Na Abner akatafsiri. Mzee akachukua kofia yake akaondoka.

Labda yangeishia hapo. Lakini Abner akafunga safari hadi Nyamache kurekebisha mambo kwa elimu.

"Tata, daktari anasema watu wa ndotoni ni sisi wenyewe. Anayecheka si mimi. Ni wewe."

"Kwa hiyo nilijivua suruali, nikajicheka?"

"Ndiyo, Tata."

"Alisimama," Abner anakumbuka. "Aliita mbwa."

Wiki hiyo hiyo Bonareri akaitwa kwao.

Daktari amewahi kumwambia akae yeye kwenye benchi, aseme anaota nini. Abner akajibu kwamba yeye hulala tu. "Ningemwambia kwa Kiingereza," anasema, "na ndoto zangu haziongei Kiingereza." Aliyekuwa akizisikia asubuhi, kabla ya chai, ni Bonareri.

Siku ya soko iliyopita, mama mkwe wake, Tryphosa, alituma ujumbe kupitia kwa Kwamboka: "Mzee amesema aje. Aje na mtu mzima wa kwao. Mdomo auache Birongo."

Baba mdogo wa Abner, Manasseh, ndiye atakayeongea, na ndiye atakayemkokota mbuzi wa kuomba radhi. Daktari naye amekubali kwamba wazee watafutiwe mkalimani wa rika lao, ingawa Abner atabaki na kazi nusu.

Je, bado anaamini aliyofundishwa?

"Daktari hakukosea. Yule wa mtoni ni mzee mwenyewe. Lakini suruali niliishika mimi, tena mbele ya mgeni."

Safari ni Jumapili. Manasseh amemwonya asifungue kinywa mbele ya mzee, hata akiulizwa hali ya hewa, naye ameahidi. Ila Bonareri akimletea maji ya kunawa, ana maneno yake machache.

"Nitamwambia ile nyumba imekuwa kubwa mno," anasema. "Akicheka, acheke."