Magadi kwenye Betri

Miaka ya themanini, pale Nyalenda, mimi mtu wa kukaa nyumbani, si fundi, niliamua kusafisha betri ya pikapu yetu. Vichwa vyake vya kufungia nyaya vilikuwa vimeota unga wa kijani. Nilikoroga kwa maji magadi ya mke wangu ya kupikia mboga, maana magadi huua asidi, nikaweka grisi tayari ya kupaka baadaye, halafu nikamwaga magadi juu ya betri. Vifuniko vya matundu ya asidi nilikuwa nimeviacha wazi, magadi yakaingia ndani. Betri ikachemka, ikanitemea asidi machoni.

Nilipiga nduru. Mke wangu akanikaba shingo, akanibwaga chini, akanimwagia ndoo nzima ya maji.

“Fungua macho, Baba!”

Nikampiga teke. Akanizaba kofi, akazipanua kope zangu kwa vidole.

“Unaniona?”

“Naona mtu mkali.”

“Basi hujapofuka,” akasema, akavuta ndoo ya pili.